Siku Yangu, Siku ya Ambwene

"Hivi Angetile, walipokutoa vyote vile huko hospitali, wamekubakizia nini?"

Aliyeuliza ni Ambwene, jirani yake, pale ufukweni mwa ziwa kwetu Ikombe tunapooshea udongo mikononi baada ya kazi. Ambwene ni mtu ambaye neno likimjia hulitoa kabla halijapoa. Wanawake wengine tuliangalia maji. Angetile alikuwa ameinama anasugua kucha kwa mchanga, na wala hakuinua kichwa.

"Wamenibakizia mikono," akasema.

"Mikono haizai."

"Gwe, wewe Ambwene, na ya kwako imezaa nini zaidi ya vyungu vyenye midomo ya kupinda?"

Tukacheka mpaka mmoja wetu akaiachia sufuria ikachukuliwa na maji. Ambwene mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, maana vyungu vyake kweli hupinda, na yeye ndiye aliyeikimbilia sufuria, akaishia maji yalipomfika magotini. Hapo akasimama. Sufuria akaifuata Angetile, na mshono wake wa tumboni haujapona vizuri.

Angetile tumemzika mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaishia. Naandika habari zake kwa sababu mengi yanasemwa juu ya kifo chake, na mengine si ya haki kwa walio hai. Mimi niliolewa hapa Ikombe nikamkuta, tukafinyanga pamoja, tukapanga vyungu katika mtumbwi mmoja kila Jumamosi kwenda sokoni Matema. Niliyoyaona nitayasema. Ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe, ulimi wake uliporudi.

Kwanza mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa kuliko mwili wake, vidole vipana kwenye ncha, vimelainika kwa maji. Angeweza kukaa anazungumza nawe habari za kwaya, macho yako usoni kwake, na chini chungu kinaota. Akimaliza mdomo wa chungu hulowesha jani na kulizungusha mara moja tu, hakuna kurudia. Sisi wengine tunarudia mpaka udongo unachoka. Kule Matema wateja walikuwa wanavijua vyungu vyake hata kama hayupo. Walikuwa wanavigonga kwa kidole, vinalia, wanalipa.

Mumewe ni Ezekiel, mvuvi, mtu wa maneno machache sana. Walipata mtoto mmoja, Asifiwe, halafu wakakaa miaka wakiomba mwingine. Badala ya mtoto kikaja kivimbe. Tumbo lilikua, watu wakampongeza, yeye akawa ananyamaza kwa kuwa alijua siku zake zilikuwa bado zinakuja, tena vibaya. Kufika hospitali kubwa wakakuta uvimbe umeshika ovari zote mbili. Wakatoa ovari, wakatoa na kizazi. Hakuwa mzee. Mimi na yeye tulikuwa bado tunataniana, nani atazaa wa mwisho.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichoniambia hakikuwa maumivu. Alisema, "Dada, ndani kuko kimya." Nilimshika mkono tukasali.

Kimya hicho hakikukaa. Miezi ile ile likaanza joto. Lilikuwa linampanda kutoka kifuani mpaka masikioni, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, kisha baridi inamkamata anaomba khanga. Kanisani, katikati ya maombi, utamwona anatoka nje anashika ukuta. Ezekiel alichukua ungo wa kupepetea mpunga akawa anampepea, amekaa nyuma yake kibarazani. Watu walipita wakicheka.

"Ezekiel, mpunga huo hauishi makapi?"

"Haujaisha," Ezekiel anajibu, anaendelea kupepea.

Sisi wafinyanzi tulikuwa na maelezo yetu ya joto lile. Hapa kwetu mwanamke huchoma vyungu tangu usichana, anasimama karibu na moto wa nyasi na kuni, anageuza kwa mti mrefu. Basi tukasema ni moto. Moto wa miaka yote umeingia mwilini, na kwa kuwa tumbo sasa ni tupu, umepata pa kukaa. Tulisema kwa upendo kabisa. Tukamshauri aache udongo mpaka moto utoke. Naye akatii. Akakaa kutoka mavuno mpaka mavuno hagusi udongo, anauza vitumbua na mawese, mikono imekauka inapasuka, na joto liko pale pale. Zaidi ya joto kikaongezeka kichwa, cha kisogoni, na kuona vimulimuli.

Mwisho wake aliyesema ni Ezekiel. Alisema, "Moto gani huu usiozimika na kuni hakuna?" Akamtia katika mtumbwi akampeleka kliniki ng'ambo, kule Matema.

Muuguzi alimfunga ule mpira mkononi, akapima, akapima tena, akamwita daktari. Presha ilikuwa juu sana. Daktari alikuwa kijana mpole, akamweleza taratibu. Alimwambia zile ovari hazikuwa za kuzaa tu. Zilikuwa zinatoa homoni, na homoni zile zilikuwa zinaisaidia mishipa ya damu kulegea. Zikiondolewa ghafla, mwanamke anapata joto lile, na kwa wengine mishipa inaanza kukaza na presha inapanda. Moto wa vyungu haumo.

"Kumbe ni kama udongo," Angetile akamwambia. "Ukikosa maji kabla hujamaliza kuufinyanga, unakuwa mgumu, unapasuka."

"Ndivyo hasa, mama. Vidonge hivi ndiyo maji yako. Kimoja kila siku. Hata ukijisikia mzima. Siku zote."

"Dozi yake inaisha lini?"

"Haiishi."

Alirudi na vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya karatasi, akaviweka katika kichungu alichokifinyanga mwenyewe, chenye kifuniko, juu ya kabati. Kila asubuhi baada ya sala anameza. Kichwa kikatulia. Na jambo ambalo sisi tuliliona kubwa kuliko yote, akarudi kwenye udongo. Siku ya kwanza alipochoma tena vyungu nilimwona analia pale motoni. Nikamuuliza kama ni joto. Akasema, "Ni moshi tu, dada," na upepo ulikuwa unaupeleka moshi mbali naye.

Asifiwe wakati huo ameolewa Kyela mjini, mumewe ananunua kakao. Asifiwe mwenyewe alikuwa anamsaidia dukani Bi Siti, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, anauza vipodozi, udi na vidonge vya virutubisho. Asifiwe alipokuja Krismasi alimletea mama yake kopo. Ndani yake vidonge laini vya mafuta, vinang'aa, rangi ya mawese hasa.

"Hivi vya nini?" Angetile akauliza.

"Vinaondoa kutu mwilini, mama. Vitamini E, na hivi vingine ni C. Bi Siti anasema mishipa ikishika kutu ndiyo inakaza."

"Kwa hiyo mimi ni panga."

"Wewe ni jembe, mama. Panga ni baba."

Ezekiel akaguna. Asifiwe akamshika mama yake mkono, akasema kama anavyosema na mtoto, na mimi nilikuwepo nikasikia: "Lakini Bi Siti amenisisitiza nikwambie. Hivi ni pamoja na dawa ya hospitali. Ya hospitali usiiache."

Angetile hakuwa mtu wa kufanya mambo gizani. Kliniki iliyofuata alilibeba kopo akamwonyesha muuguzi. Yule muuguzi alisoma maandishi yote, akasema wapo wataalamu wanaoona vidonge vya namna hiyo huenda vinasaidia mishipa vikienda sambamba na dawa ya presha, hasa kwa mwanamke aliyetolewa ovari, na wengine bado wanachunguza hawajakubali. "Mimi sitakukataza, mama," akasema. "Vitembee na dawa yako. Visikae mahali pake."

Basi vikatembea pamoja. Cheupe na cha mawese, kila asubuhi. Akipimwa presha iko chini, muuguzi anafurahi. Asifiwe akaambiwa kwa simu, akawa anatamba dukani kwamba mama yake amerudi kufinyanga mitungi mikubwa. Ni kweli alikuwa anaifinyanga. Nilidhani mambo yatakuwa hivyo mpaka tuzeeke.

Sasa lazima niseme desturi yetu ya udongo, maana bila hiyo mtu wa mbali atamwona Angetile mjinga, na hakuwa mjinga.

Udongo wa kufinyangia hauko popote tu. Una shimo lake, unachimbwa kwa jembe fupi, unabebwa kichwani, mzito kama maiti. Mwanamke akienda shimoni hachimbi wa kwake peke yake. Kama jirani anaumwa, au ana kichanga, au amefiwa, akirudi anapitia kwake, anaukata ule udongo anamwachia bonge mlangoni. Wala haombwi, na asante haisubiriwi. Ukipita mlango wa mgonjwa na udongo wote kichwani, hata kama hakuna aliyekuona, vyungu vyako vitapasuka motoni, au ndivyo tulivyolelewa kuamini. Miezi ile Angetile amelala na mshono wake, aliyekuwa anamwachia bonge mlangoni ni Ambwene. Ambwene yule yule wa swali la ufukweni. Anatupa udongo, anasema kwa sauti, "Umeniongezea mzigo, mvivu wewe," anaondoka.

Siku moja wauguzi walikuja Ikombe na boti, wakapima watu presha kanisani baada ya ibada. Ambwene alipimwa, ikawa juu. Walimwangalia, wakamkalisha, wakampa vidonge vichache vya kuanzia na kumwambia afike kliniki ng'ambo aandikishwe, wampime vizuri, apate vya kwake.

Ambwene havuki. Hilo Ikombe tunalijua sote na hatulisemi. Mwanawe wa kiume alitoka na mtumbwi kwenda kutega nyavu, upepo wa kusini ukashuka, mtumbwi ukarudi peke yake. Tangu hapo Ambwene maji yakimfika magotini anasimama. Njia ya miguu ya kwenda Matema ni ya kupanda mawe, na nyonga yake haipandi mawe. Kwa hiyo Ambwene ni kama amefungiwa hapa. Vidonge vile vichache vikaisha, akanyamaza. Angetile akamwona amefunga kichwa kwa khanga, ameibana mpaka nyama ya paji imevimba.

Mazungumzo yao aliyonisimulia Angetile ni haya. Yalikuwa jikoni kwa Ambwene, ugali uko motoni.

"Kichwa?"

"Khanga mpya. Nataka watu waione."

"Ambwene. Twende ng'ambo. Ezekiel atapiga kasia polepole, mimi nitakushika."

"Utanishika wewe? Mwenyewe umebaki nusu."

Angetile akatoa kidonge kimoja cheupe alichokuja nacho kwenye pindo la khanga, akakiweka juu ya kinu. Ambwene akakitazama.

"Sitaki huruma yako."

"Si huruma. Nilipolala na mshono, nani alinichimbia udongo?"

"Nilikuchimbia kwa kuwa ndivyo tunavyofanya."

"Na mimi nafanya tunavyofanya."

"Na wewe utameza nini?"

"Mimi nina vya Asifiwe. Nina dawa za aina mbili, gwe, mtu mmoja. Wewe huna hata moja. Wewe huna mtoto wa kukulet…"

Akakatiza. Aliniambia alitamani kulirudisha neno lile na halikurudi. Ambwene alikoroga ugali mpaka mwiko ukagonga sufuria. Kisha akakichukua kidonge akameza bila maji.

"Basi ni hivi," Angetile akasema. "Siku moja yangu, siku moja yako. Siku yako mimi nitameza vya mawese."

"Na usimwambie mtu. Wakijua kanisani watanibeba kwa nguvu mpaka mtumbwini, na maombi juu."

"Sitamwambia mtu."

Akashika neno lake. Hakumwambia Ezekiel, wala Asifiwe, wala mimi niliyekaa naye kila siku magoti yamegusana. Aliona amefanya hesabu nzuri. Vidonge vya mawese vilikuwa vinang'aa, vikubwa, vya bei, vimeletwa kwa upendo. Cheupe kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Ukiviweka kiganjani pamoja, ungesema kikubwa kinaweza kumshikia kidogo zamu siku moja. Tena kichwa hakikumrudia haraka, kwa hiyo akaona Mungu amebariki. Kliniki ikawadia, akajisikia mzima, mvua ikawa kubwa, akamtuma Ezekiel akachukue bahasha, yeye mwenyewe hakupimwa.

Nilikuwepo siku yenyewe. Tumekaa chini ya upenu wake, asubuhi, ana mtungi mkubwa wa mteja wa kule Njisi aliyekuwa anamwoza binti yake. Amefika mdomoni. Amelowesha jani, ameanza kulizungusha, na jani likasimama. Niliona mdomo wa mtungi unajikunja ndani, polepole, kama mtu anayelala. Angetile anautazama mkono wake. Anautazama kama mkono wa mgeni uliosahauliwa pale. Akafungua kinywa kumwita Ezekiel, ikatoka sauti isiyo na jina.

Tulimtia mtumbwini. Mimi nilikaa chini nimempakata kichwa, Ezekiel anapiga kasia, na ziwa siku hiyo lilitulia kabisa, Bwana alitupa hilo. Nilipogeuka niliona Ambwene ufukweni, maji yamemfika kwenye vifundo, ameuma khanga.

Hospitali daktari akauliza, "Dawa ya presha alikuwa anameza kila siku?"

"Kila siku," Ezekiel akasema.

"Kila asubuhi baada ya sala," nikasema mimi. Nilisema nilichokijua.

Angetile akatikisa kichwa upande ule uliobaki unatikisika, nasi hatukumwelewa.

Asifiwe akafika kesho yake, na Bi Siti naye, alikuja na gari la kukodi na uji kwenye chupa, buibui limejaa vumbi. Asifiwe alipomwona mama yake, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia uko juu ya shuka kama kitu kilichowekwa, alianguka chini pale wodini. Akawa anasema neno moja tu. "Vidonge vyangu. Ni vidonge vyangu."

Bi Siti akamwinua. Machozi yanamtoka na yeye. "Mwanangu, mimi nilikwambia pamoja na dawa. Na wewe ulimwambia. Mola ndiye shahidi."

"Alivimeza kwa ajili yangu."

Daktari akaja kuwatuliza. Akasema vidonge vile havikumdhuru, amevikagua. Ila moyo wake unaonyesha presha imekaa juu muda mrefu, na hajui kwa nini, kama kweli dawa ilikuwa inaliwa. Asifiwe hakusikia. Hivyo ndivyo alivyokaa siku kadhaa, hali chakula, amejiona muuaji. Mama yake yuko kitandani anamwona, ana la kusema, na ulimi hauji. Nimeona mambo ya kuhuzunisha, lakini hilo la mama kumwangalia mtoto wake akijihukumu bure na asiweze kumtetea, hilo bado linaniamsha.

Ulimi uliporudi, ulirudi vipande vipande. Maneno ya kwanza alimwambia Asifiwe. "Si vyako. Siku… ya Ambwene." Akapumzika, akasema tena. Mpaka jioni tukawa tumepata habari yote.

Ezekiel alitoka nje. Asifiwe huzuni yake ikageuka hasira, ikawa kama mtu aliyepumua. "Nikifika Ikombe," akasema, "nitamtia ziwani kwa mikono yangu."

"Hajui… kuogelea," mama yake akasema, na upande mmoja wa uso ukatabasamu.

Daktari alipoelezwa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba udongo unaweza kukatwa vipande viwili na kila kipande kikawa chungu, lakini dawa hii ukiikata mnabaki wawili wagonjwa. Vile vya mawese ni vya kusindikiza. Ukimwondoa anayesindikizwa, msindikizaji hana anapokwenda. Angetile akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa tabu kama mkono utarudi.

"Tutafanya mazoezi, mama."

Angetile alikuwa amewaona wengi waliojibiwa hivyo, akajua maana ya jibu lile. Akaugeuza uso ukutani.

Tulimrudisha Ikombe. Mkono haukurudi. Asifiwe alibaki kumwuguza, akimpa cheupe kila asubuhi kwa mkono wake na kusubiri kimezwe. Kopo la mawese alitaka kulitupa, mama yake akakataa, akasema halina kosa. Tulimkalisha kibarazani, nasi tukawa tunafinyangia pale ili asiwe peke yake, na sijui kama tulimfariji au tulimtesa. Mkono wa kushoto ulikuwa unajaribu. Ulikuwa unachukua kibonge, unakibana, kinatoka alama za vidole tu. Siku moja alikigonga chungu changu nilichokwisha kukichoma, akasikiliza, akasema, "Kina ufa, dada." Nilikuwa sijauona. Ulikuwepo.

Ambwene hakuja. Lakini kila alfajiri tulikuta ndoo ya maji mlangoni, na siku za kwenda shimoni tulikuta bonge la udongo. Udongo, kwa mtu ambaye hawezi tena kufinyanga. Asifiwe alilipiga teke. Angetile akamwambia aliokote, alifunike kwa jani la mgomba lisikauke.

Mwisho wake alimtuma Ezekiel akamlete. Ambwene alikuja na khanga kichwani imebanwa vile vile, akasimama nje ya upenu, akamwamkia kwa lugha yetu.

"Ugonile, Angetile."

"Ndaga. Kaa."

"Sikai. Nimekula mkono wako."

"Mkono wangu ungekuwa na nyama, ungenenepa."

Ambwene hakucheka. Akasema hajameza kidonge chochote tangu siku ile, na hatameza, na Mungu akitaka kumchukua amchukue kwa zamu yake. Aliposema hivyo akakaa chini palepale kwenye vumbi. Angetile akanyoosha ule mkono uliobaki mpaka ukafika kichwani kwa Ambwene, akaanza kufungua fundo la khanga. Kwa mkono mmoja, wa kushoto, fundo lile lilichukua muda mrefu mno. Hakuna aliyemsaidia. Asifiwe aliingia ndani, na kutoka ndani tukamsikia analia.

Nilitamani niandike kwamba Ambwene alivuka baada ya pale. Kiharusi cha pili kilimpata Angetile siku chache baadaye, asubuhi, amekwisha kumeza dawa yake, na daktari alisema mishipa ilikuwa imechoka tangu zamani. Alikaa akipumua mpaka jua la mchana. Tulimzika nyuma ya nyumba, na juu ya kaburi Ezekiel ameweka ule mtungi wa Njisi wenye mdomo uliojikunja. Mvua imeanza kuuyeyusha, maana haukuchomwa.

Tangu hapo kila siku ya kliniki Ezekiel anautoa mtumbwi mapema, anaupangusa, anatandika mkeka katikati. Anasubiri. Ambwene anakuja. Mimi namshika mkono huu na Asifiwe, Mungu ambariki, anamshika ule mwingine. Anaingia, maji yanafika kwenye vifundo, yanapanda, yanafika magotini. Anasimama. Tunasimama naye tunaomba. Kisha anarudi, na Ezekiel anauvuta mtumbwi nchi kavu. Wauguzi tumewaomba waje tena na boti, wamesema watakuja. Ziwa likitulia tutajaribu tena Jumanne.

Hatuwezi kuacha, kwa sababu asubuhi ile ya mwisho, kabla ulimi haujaondoka kabisa, Angetile alimwangalia Ezekiel, akaniangalia mimi, akamwangalia Asifiwe kuliko sisi sote, akasema:

"Mvusheni Ambwene, apimwe, apate vya kwake."